Wakfu wa kigeni, serikali ya kigeni au wanachama: kikundi kinachotetea haki ya kutoa mimba kichukue fedha za nani?

Ulinganisho huu unawahusu wajumbe wa kamati za vikundi vinavyotetea haki ya kutoa mimba, hasa vile vidogo ambavyo mwenyekiti ndiye anayechemsha chai na mweka hazina ni mtu wa kujitolea, pale wanapowekewa mezani barua ya ruzuku kutoka ng'ambo na kuombwa waipitishe kabla kikao hakijavunjika. Njia za kupata fedha ni tatu: ruzuku ya wakfu binafsi wa kigeni, msaada wa serikali ya kigeni, na michango ya wanachama na watu wa nchini. Sitazilinganisha kwa ukubwa, maana hapo mshindi anajulikana, bali kwa mambo ambayo hujitokeza baadaye, saini ikiwa imekwisha kukauka: nani anaweka sharti na sharti hilo linafika wapi, nani anaweza kuona kwamba umepokea, na nini hutokea siku unapoambiwa urudishe. Kama utoaji mimba uruhusiwe au uzuiwe ni hoja nyingine ambayo siigusi. Hata anayeupinga ana sababu ya kusoma, kwa kuwa fedha za kigeni huingia katika kambi zote mbili.

Mtu wa Pwani akisikia neno wakfu hufikiria shamba la minazi au nyumba iliyotengwa kwa ajili ya msikiti, pamoja na msimamizi anayebanwa na maneno ya aliyeiweka. Wakfu wa Kimarekani hauko mbali sana na picha hiyo: tajiri ametenga mali, bodi inaisimamia, na nia ya mwenye mali au ya warithi wake ndiyo inayoamua nani apewe. Tofauti ni kwamba hapa nia hubadilika, na hubadilika bila mpokeaji kuulizwa.

Ireland: kurudisha au kushindana

Mahali ambapo swali la fedha za wakfu wa kigeni liliulizwa kwa ukali kuliko kwingine ni Ireland, nchi ambayo tangu mwaka 1983 ilikuwa na kifungu cha katiba, yaani Marekebisho ya Nane, kilichoweka uhai wa mtoto aliye tumboni sawa na uhai wa mama yake. Mwezi Agosti 2016 nyaraka za ndani za Open Society Foundations, wakfu wa tajiri George Soros, zilidukuliwa na kuwekwa hadharani. Miongoni mwake ilikuwamo mikakati ya programu ya haki za wanawake, iliyotaja vikundi vitatu vya Ireland: Abortion Rights Campaign, tawi la Ireland la Amnesty International, na Irish Family Planning Association. Amnesty ilikuwa imepewa kiasi cha yuro 137,000, na Abortion Rights Campaign, kikundi cha watu wa kujitolea, dola 25,000.

Kwa kampeni ya nchi nzima fedha hizo si nyingi. Kilichouma zaidi ya kiasi ni maelezo ya mikakati yenyewe, kwamba ushindi katika nchi yenye sheria kali kama Ireland ungeweza kuwa mfano kwa nchi nyingine za Kikatoliki za Ulaya, ikiwamo Poland. Msomaji wa Dublin aliyekuwa akidhani anabishana na jirani yake kuhusu sheria ya nchi yao alijikuta ni hatua ya kwanza katika ramani iliyochorwa na mtu mwingine. Hapo ndipo fedha za wakfu zinapotofautiana na aina nyingine zote: wakfu hutoa kwa mikakati, mikakati huandikwa kwa ajili ya bodi ya wakfu na si kwa ajili yako, na siku ikivuja unaulizwa wewe kuhusu sentensi ambazo hukuziandika wala hukuwahi kuzisoma.

Sheria ya uchaguzi ya Ireland ya mwaka 1997, kama ilivyorekebishwa mwaka 2001, inasema kwamba mtu au kikundi kinachopokea mchango unaozidi yuro 100 kwa malengo ya kisiasa lazima kijisajili kwa tume ya maadili ya utumishi wa umma, na kwamba mchango wa namna hiyo hauruhusiwi kabisa ukitoka kwa mgeni anayeishi nje au kwa taasisi isiyo na ofisi inayoendesha shughuli zake ndani ya nchi. Nakiri kwamba nilipousoma ufafanuzi wa “malengo ya kisiasa” kwa mara ya kwanza niliusoma tena, nikidhani nimekosea. Haukuishia kwenye uchaguzi na kura ya maoni, bali ulifika hadi kampeni yoyote inayotaka matokeo fulani katika sera za serikali. Kwa ufafanuzi mpana kiasi hicho, kikundi kinachodai maji safi kwa kijiji nacho kingeweza kunaswa.

Tume ikauliza, na vikundi viwili vikajibu kwa njia mbili.

Abortion Rights Campaign kilirudisha fedha. Kilikuwa kikundi kisicho na wanasheria wa mshahara, na kwake kesi ingekula muda uleule ambao wanachama walikuwa wakiutumia kugonga milango ya nyumba za watu. Kilipoteza ruzuku, lakini pia kilimnyang'anya mpinzani habari ya kila wiki, kwa sababu kikundi kilichorudisha fedha hakina tena cha kuulizwa.

Amnesty ilikataa. Awali tume ilionekana kuridhika na maelezo yake, lakini mwaka 2017 ikageuka na kuiagiza irudishe, na mwezi Desemba shirika likatangaza kwamba halitatii, kwa hoja kwamba kazi yake ni ya haki za binadamu na si ya chama chochote, tena kwamba sheria kama hiyo ingeweza kuziba koo la asasi zote za kiraia. Shauri likaenda Mahakama Kuu. Mwezi Julai 2018 tume ilikubali kwamba uamuzi wake ulikuwa na kasoro za kiutaratibu, na uamuzi ukafutwa. Amnesty ilishinda, lakini kura ya maoni ilikuwa imekwisha kupigwa tarehe 25 Mei 2018, na asilimia 66.4 ya wapiga kura walikuwa wamekubali kuondoa Marekebisho ya Nane. Ushindi wa mahakamani ulifika baada ya wageni kuondoka arusini.

Nani alichagua vizuri? Nadhani wote wawili, na jibu hilo si la kukwepa. Shirika kubwa lenye wanasheria, jina la kimataifa na wanachama wanaolipa ada linaweza kubeba kesi ya miezi na kufanya kazi yake likiwa mshtakiwa, na kwa kushindana linawasafishia njia wadogo wasioweza kushindana. Kikundi kidogo kinachoiga msimamo huo kwa fahari tu kitajikuta kimetumia mwaka mzima kujieleza. Kamati isiulize kama msimamo wa Amnesty ulikuwa sahihi kisheria. Iulize kama yenyewe ingekuwa bado ina watu, chumba na simu siku hukumu ilipotoka.

Sheria ileile iliyowabana ilisukuma kambi ya Ndiyo kwenye njia ya tatu. Muungano wa Together for Yes, ambao Abortion Rights Campaign kilikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ulifungua harambee ya mtandaoni mwezi Aprili 2018 ukiomba yuro 50,000 za mabango. Kiasi hicho kilipatikana ndani ya saa chache, na katika siku chache zilizofuata harambee ilipita yuro nusu milioni, kutoka kwa maelfu ya watu waliotoa kidogo kidogo. Tuhuma ya fedha za Soros haikufa, lakini ilikosa pa kushika, maana bango lililokuwa likining'inia kwenye nguzo ya taa lilikuwa limelipiwa na mtu wa mtaa uleule. Wiki mbili na siku kadhaa kabla ya kura, Facebook ilizuia matangazo ya kura hiyo yanayolipiwa kutoka nje ya nchi, na siku iliyofuata Google ikasimamisha matangazo yote yanayohusu kura hiyo, ya ndani na ya nje. Aliyekuwa ametegemea kununua nafasi mtandaoni kwa fedha kubwa za dakika ya mwisho alibaki na fedha zake mkononi.

Sharti la wakfu lilivyo kwenye karatasi

Barua ya ruzuku ya wakfu wa Kimarekani kwa kawaida ni kurasa chache, na mjumbe wa kamati huifungua akitafuta tarakimu. Kifungu cha kutafuta ni kile kinachosema kwamba hakuna sehemu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili ya kushawishi wabunge kuhusu muswada wa sheria. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa sababu wakfu unakuogopa wewe. Tangu sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1969, wakfu binafsi unaotenga fedha kwa kazi hiyo hutozwa kodi ya adhabu, na sharti hilo huifuata ruzuku hata ikienda Nairobi, Kampala au Dar es Salaam.

Kwa mtetezi wa haki ya kutoa mimba kifungu hicho kina maana kubwa. Kesi ya kikatiba mahakamani si kushawishi wabunge. Utafiti ulioandikwa kwa haki na kusambazwa kwa wote si kushawishi wabunge. Mafunzo kwa wauguzi kuhusu sheria inavyosema si kushawishi wabunge. Lakini basi la kuwapeleka wanachama Bungeni siku ya kusomwa muswada, mabango yanayosema “pitisheni”, na chakula cha mchana na wajumbe wa kamati ya Bunge, vyote hivyo havina nafasi katika ruzuku iliyotengwa kwa mradi. Ruzuku ya uendeshaji wa jumla, ambayo wakfu hautaji itumike kwa nini, huacha uhuru zaidi kwa sababu wakfu haukuitengea kazi yoyote. Kwa hiyo kamati inayozungumza na wakfu ikiwa na nguvu ya kuomba jambo moja tu, iombe hilo, hata kwa kiasi kidogo zaidi.

Tofauti moja kati ya wakfu na serikali ndiyo inayostahili kuamua mengi kuliko zote. Sharti la wakfu kwa kawaida linaishia kwenye fedha za wakfu. Unachofanya kwa ada za wanachama au kwa ruzuku ya mtu mwingine halikigusi, ilimradi vitabu vyako vya hesabu viweze kuonyesha kwamba shilingi hii haikuwa ile. Serikali ya Marekani, kama tutakavyoona, imekuwa ikidai zaidi ya hapo.

Kuhusu nani anaona, wafadhili wengi huongea kwa sauti ya chini, na mmoja wa wakubwa kabisa katika eneo hili, Susan Thompson Buffett Foundation wa Omaha, una sifa ya kutopenda kutajwa. Hata hivyo wakfu binafsi wa Marekani hulazimika kila mwaka kujaza fomu ya kodi inayoitwa 990-PF, yenye orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa, na fomu hiyo ni ya wazi kwa umma. Mpinzani wako hahitaji mdukuzi. Anahitaji jioni moja na intaneti. Nimewahi kukaa katika kamati iliyokubaliana kwamba jina la mfadhili “lisisemwe sana”, na kwa miezi kadhaa tukawa watu wa kunyamaza likiulizwa, hadi mwandishi wa habari alipokuja na kiasi kamili, senti hadi senti, alichokipata katika orodha ya wafadhili wenyewe. Aibu haikuwa ya kupokea, ilikuwa ya kunyamaza.

Kisha kuna kuondoka. Wakfu huondoka kwa sababu zisizokuhusu: mkurugenzi mpya, mikakati mipya, mrithi mwenye mapenzi mengine. Open Society Foundations ilitangaza mwaka 2023, mwana alipochukua uongozi kutoka kwa baba, kwamba itapunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake na kubadili jinsi inavyofanya kazi, na walioizoea ofisi fulani wakakuta meza haina mtu. Kinyume chake ni Atlantic Philanthropies ya Chuck Feeney, iliyofadhili asasi nyingi za Ireland: mwenye mali alikuwa amesema mapema kwamba atatoa vyote angali hai, na mwaka 2020 ikafungwa kama ilivyoahidiwa. Mfadhili anayekutajia siku ya mwisho kabla ya siku ya kwanza ni nadra, naye ana thamani kuliko anayekuahidi urafiki wa muda mrefu.

Serikali ya kigeni: mlango unaofunguka na kufungwa

Fedha za serikali ya kigeni ni nyingi zaidi, huja na magari na dawa, na kwa vituo vya afya hakuna kinacholingana nazo. Kwa utetezi wa haki ya kutoa mimba, hasa fedha za Marekani, ndizo zenye kufunga mdomo.

Marekebisho ya Helms ya mwaka 1973 yanazuia msaada wa Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Marekebisho ya Siljander ya mwaka 1981 yanazuia kuutumia kushawishi kwa ajili ya utoaji mimba au dhidi yake. Hadi hapo sharti bado linahusu fedha za Marekani tu. Sera ya Mexico City, iliyotangazwa mwaka 1984 wakati wa Rais Reagan, ilivuka mstari huo: asasi isiyo ya Kimarekani inayotaka msaada unaohusika lazima ithibitishe kwamba haitatoa wala kuendeleza utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, kwa fedha za chanzo chochote. Wapinzani wake huiita kanuni ya kufunga midomo. Clinton aliifuta mwaka 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017 na kuipanua ihusu karibu msaada wote wa afya, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Sera inayogeuka kila chama kinapobadilishana ikulu huko Washington haiwezi kuwa msingi wa mpango wa miaka mitano huku kwetu.

Maneno “chanzo chochote” yasomwe polepole. Kikundi kilichopata ruzuku ya wakfu kwa ajili ya kesi ya kikatiba, kisha kikakubali fedha kidogo za Marekani kwa ajili ya huduma nyingine ya afya, kinaweza kujikuta fedha hizo kidogo zimeifungia kazi ruzuku kubwa. Na fedha hizo haziji lazima zikiwa na bendera. Mara nyingi huja kupitia shirika jingine lililopata mkataba mkuu, na uthibitisho unakuwa aya moja ndani ya mkataba mdogo wa kurasa arobaini.

Kenya ilionja. Mwaka 2001 Marie Stopes Kenya na chama cha uzazi wa mpango cha nchi hiyo vilikataa kutia saini, vikapoteza fedha na kufunga baadhi ya zahanati, na waliokosa huduma walikuwa wanawake waliofuata sindano ya uzazi wa mpango na watoto waliofuata chanjo. Mwaka 2017 chama hichohicho, sasa kikiitwa Family Health Options Kenya, kilikataa tena na kikalipa tena. Mwaka huohuo Sweden ilitangaza kwamba haitaendelea kufadhili kazi ya afya ya uzazi ya asasi zitakazokubali sharti la Marekani. Asasi iliyokuwa ikila kwa mikono miwili ikaambiwa na kila mkono uukate mwingine. Serikali za Ulaya zilijaribu kuziba pengo kwa mpango wa SheDecides, ulioanzishwa na waziri wa Uholanzi Lilianne Ploumen, na mkutano wa Brussels wa Machi 2017 ulipata ahadi za yuro milioni 181. Lakini serikali za Ulaya nazo zina Bunge na bajeti. Uingereza ilipopunguza msaada wake mwaka 2021, mchango wake kwa mpango wa vifaa vya uzazi wa mpango wa Umoja wa Mataifa ulikatwa kwa takriban asilimia 85 kwa mpigo mmoja. Na USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani lililokuwa jina la kila siku katika vituo vyetu vya afya, lilikoma kusimamia msaada tarehe 1 Julai 2025.

Suala la nani anaona halimwachi salama hata anayedhani hajagusa utoaji mimba. Kabla ya kura ya maoni ya Katiba ya Kenya ya tarehe 4 Agosti 2010, mbunge wa Marekani Chris Smith alilalamika kwamba serikali yake ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 23 katika mchakato wa katiba, akidai hilo linavunja Marekebisho ya Siljander kwa sababu rasimu ilikuwa na Ibara ya 26, ambayo inakataza utoaji mimba isipokuwa kwa dharura, hatari kwa uhai au afya ya mama, au sheria nyingine ikiruhusu. Wakati huohuo American Center for Law and Justice, taasisi ya Wakristo wahafidhina wa Marekani, ilikuwa imefungua tawi Nairobi na kuwasaidia kwa fedha viongozi wa makanisa waliopinga rasimu. Wakenya asilimia 67 walisema ndiyo, kwa sababu zao nyingi zisizohusiana na Marekani, lakini kwa miezi kadhaa kila upande uliweza kumwambia mwenzake, bila kusema uongo, kwamba fedha zako zimetoka kule.

Michango ya wanachama

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa hesabu zenyewe ni fupi. Daftari la michango la kikundi kidogo ninachokifahamu lina safu tatu, tarehe, jina na kiasi, na safu ya jina ina mistari mingi iliyoandikwa “mama mmoja”. Huo ndio udhaifu na nguvu ya njia hii kwa pamoja. Mtu wa Mombasa au wa Mwanza anaweza kuchangia, lakini katika jamii ambako kutoa mimba ni aibu, na mara nyingi ni kosa la jinai, hataki jina lake libaki kwenye karatasi, na malipo ya simu hubakiza jina lake hata akikataa. Kikundi kinachotangaza kwamba kinategemea wanachama lazima kiamue mapema kitayatunza vipi majina hayo siku polisi au mpinzani akiyataka.

Isidhaniwe pia kwamba fedha za nchini hazina sharti. Mfanyabiashara mmoja anayelipa kodi ya ofisi anaweza kuwa mkali kuliko wakfu wowote, na tofauti yake na wakfu ni kwamba yeye hakuandikii barua: anapiga simu.

Kinachobaki ni uzito wa sauti. Mbele ya kamati ya Bunge au katika mdahalo wa redio, mtu anayeweza kusema kwamba nauli yake imelipwa na wenzake waliokaa nyumbani husikilizwa tofauti na anayeletwa kwa posho.

Sheria ya nyumbani inavyobadilisha chaguo

Jibu la Dublin haliwezi kuhamishiwa Addis Ababa. Ethiopia, kwa sheria yake ya mwaka 2009, iliziambia asasi zinazoshughulikia haki za binadamu kwamba fedha za nje zisizidi asilimia 10 ya mapato yao. Chama cha wanasheria wanawake wa nchi hiyo, kilichokuwa kikiwatetea wanawake bure mahakamani, kililazimika kuwaachisha kazi wafanyakazi wengi. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2019. Kenya ilijaribu njia hiyohiyo mwishoni mwa mwaka 2013, kwa pendekezo la kuweka kikomo cha asilimia 15, na Bunge likalikataa. Sheria yake ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Tanzania haikuweka kikomo cha asilimia, ila kwa kanuni na marekebisho ya miaka ya 2018 na 2019 ilizitaka asasi ziweke wazi fedha na kuwasilisha mikataba inayozidi shilingi milioni 20 kwa Msajili, jambo linalofuta kabisa ile fikra ya mfadhili “asiyesemwa sana”.

Ukiwa mahali kama Ethiopia ya mwaka 2010, wakfu wa kigeni unakoma kuwa chaguo, ukiwa mzuri au mbaya. Ukiwa Kenya chaguo lipo, na kazi ndiyo inayopaswa kuliamua. Mwezi Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri lililofunguliwa na FIDA-Kenya, chama cha wanasheria wanawake, na wenzake kwa kuungwa mkono na Center for Reproductive Rights, taasisi ya kisheria yenye makao New York, iliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa miongozo ya mwaka 2012 kuhusu utoaji mimba usio salama, na ikaagiza mama wa msichana aliyefariki alipwe shilingi milioni 3. Kesi ya namna hiyo huchukua miaka, huhitaji madaktari bingwa kama mashahidi na mawakili wasiochoka, na siioni ikiendeshwa kwa daftari la “mama mmoja”. Haiwezi pia kuendeshwa na kikundi kilichothibitisha kwa Washington kwamba hakitauendeleza utoaji mimba.

Ningechagua hivi

Kwa kesi, utafiti na mafunzo ya sheria, ningechukua fedha za wakfu wa kigeni, ningeomba ruzuku ya uendeshaji wa jumla, na siku ileile ya kutia saini ningeweka jina la mfadhili na kiasi kwenye ubao wa ofisi na kwenye ripoti ya mwaka, tena kwa Kiswahili. Kwa zahanati inayotoa chanjo na uzazi wa mpango, fedha za serikali ya kigeni zinaweza kukosa mbadala, na hapo ningependelea zahanati iwe asasi tofauti, yenye bodi yake na hesabu zake, badala ya kuifunga midomo ya watetezi kwa ajili ya jokofu la dawa. Hilo si rahisi na wanasheria watatoza, lakini ni rahisi kuliko kutenganisha baada ya saini.

Kwa kura ya maoni, muswada wa Bunge, bango na basi, ningetumia fedha za nchini tu, hata zikitosha nusu ya mabango. Nisingechukua ruzuku ya wakfu kubwa kuliko kiasi ambacho kikundi kingeweza kukirudisha ndani ya mwezi mmoja bila kufunga ofisi, na katika nusu mwaka ya kwanza ningeiacha sehemu yake kwenye akaunti ya peke yake, isiyogusa mishahara, hadi mwanasheria wa kikundi aandike kwa mkono wake kwamba sheria ya nchi inaruhusu. Mfadhili akiuliza kwa nini fedha zimelala, mweka hazina amwonyeshe barua ya mwanasheria iliyo bado kusainiwa.